Safu ya Dozi

Jumatatu, 3 Machi
Skrini ya duka la dawa la kituo cha afya imerudi ndogo tena! Mara ya tatu. Programu yao ya zamani haifanyi kazi ila ndani ya mfumo wa Linux, na Linux yenyewe nimeiweka kwenye mashine pepe, kompyuta ndani ya kompyuta. Jioni naiacha nukta 1920 kwa 1080, asubuhi naikuta 800 kwa 600. Herufi kama matofali, na safu ya dozi imekatika, iko nje ya skrini kulia. Karani anasema Ijumaa nusura mtoto apewe dozi ya mtu mzima. Nimesakinisha upya viendeshi vya skrini, programu zinazoiongoza. Ikakaa sawa. Mgongo unauma.

Jumanne, 4 Machi
800 kwa 600. Loo! Nimeandika amri ya kuipanua kila mashine inapowaka. Shangazi — ndiye mfamasia, na ndiye aliyenilea — ananitania: eti nimesomeshwa miaka minne kuja kunyoosha dirisha. Nimecheka tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesoma kumbukumbu za mashine. Hakuna hitilafu — kuna mkono wa mtu! Kila siku, saa mbili kasoro dakika kumi, mtu anafungua mipangilio na kuipunguza. Nikamjia juu karani mbele za watu. Akasema yeye huingia saa tatu. Daftari la mahudhurio linasema hivyohivyo. Nimemwomba radhi, hakunitazama. Aibu yangu.
Anayefungua duka ni Shangazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika saa moja na nusu. Nimemwona. Pua karibu iguse kioo. Alipoipunguza skrini ndipo akaegemea kiti. Hakushtuka kuniona. "Mwanangu, hayo maandishi yako ni sisimizi." Tangu lini? Mwaka jana. Miwani? Daktari wa macho kamwambia haitasaidia tena. Na dozi je? Anazo kichwani, miaka thelathini. Na yule mtoto wa Ijumaa iliyopita? Ile dawa ilikuwa mpya, akasema.

Nimejaribu kukuza herufi bila kugusa skrini. Programu kaidi! Herufi zinakua, safu ya dozi inatoka nje palepale. Bosi anataka ripoti kabla ya saa kumi. "Chanzo cha tatizo" — mstari mmoja tu. Shangazi anasema niandike mashine imechoka. Amebakiza miezi minane astaafu. Nampenda. Ningeweza, ningemkatia jicho langu moja.

Saa tisa na nusu, niko naye kaunta. Amekuja mama na mtoto mgongoni. Shangazi akanisogezea chupa, kwa sauti ya chini: hebu nisomee hapa. Nikasoma. Mililita mbili na nusu. Akamgeukia mama, akamwambia kwa sauti yake ileile ya siku zote: mbili na nusu, asubuhi na jioni. Mama kashukuru, kaenda zake.

Mstari wa ripoti bado mtupu. Foleni ina watu kumi na mmoja. Ameshika chupa nyingine, ananiita.