Hadubini Isiyo na Kitu

Jumatano, bwenini

Eti nishangae. Mwalimu wa kambi yetu ya sayansi ameniambia hivyo kabisa: "Somoe, inamia hiyo hadubini, halafu shangaa kidogo. Mgeni rasmi anataka picha."

Nikainama. Chini ya lenzi hapakuwa na kitu, hata ganda la kitunguu. Nikashangaa kama nilivyoagizwa. Wenzangu nao wakapanga foleni ya kushangaa, tukiazimana koti moja jeupe. Mgeni alipoondoka tu, hadubini ikarudi kwenye boksi na sisi tukarudi kufanya mazoezi ya wimbo wa kufunga kambi.

Ndio sisi wanafunzi bora wa sayansi wa wilaya nzima. Kinyaa kimenishika mpaka chakula cha jioni kimenishinda.

Likizo hii ningekuwa nyumbani Mpapura, namsaidia mama kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Anapulizia peke yake, mashine mgongoni, ili mimi nije kusoma.

Jioni akapiga simu. Picha ameshaoneshwa na jirani kwenye simu. "Mwanangu, uliona nini mle ndani?"

Nikamwambia nimeona seli, zimepangana kama matofali, vilevile zilivyochorwa kitabuni.

Akacheka kwa furaha. "Basi hata mgongo hauniumi tena," akasema.