Maneno ya Riziki kwenye Fomu Yangu

Mpendwa somo yangu,

Ungelikuwa hai ningelikuja Msambweni nikapiga hodi, ukanijibu kutoka jikoni, "Karibu somo, ingia, viatu usivue kumechafuka." Jina letu lilikuwa moja, wewe Mwanasiti na mimi Mwanasiti, na tangu tulipojuana hatukuitana ila somo. Sasa sina mlango wa kubisha, ndipo nimechukua karatasi.

Nilikuja kwako na begi la utafiti wa makuzi ya watoto: vibao vya mbao, kengele ndogo, mwanasesere aliyekatika mkono, na fomu yenye orodha ya maneno. Kila baada ya miezi mitatu nilikuuliza kuhusu Riziki wako. Anasema maji? Anasema paka? Anasema kiatu? Nawe kila neno ulijibu, "Bado, somo. Huyu mzito huyu, hajui kitu." Huku Riziki yuko uvunguni mwa kitanda anapiga kelele, "Mama, n'pe maji, maji baridi!" Ukamkodolea macho anyamaze. Nilicheka mpaka kalamu ikanianguka.

Sababu niliijua, mimi mzaliwa wa huku huku. Mama gani wa kwetu atamsifu mwanawe mbele ya mgeni anayeandika, amtafutie kijicho mchana kweupe? Wenzangu waliotoka bara walileta fomu zimejaa "hawezi", wakaanza kusema watoto wetu wako nyuma. Nikainuka mkutanoni nikawaeleza habari ya kijicho, wakanipigia makofi. Msimamizi akasema ni vizuri kulijua hilo, lakini alichosema mama kiandikwe kama alivyokisema, kisha mtoto apimwe mwenyewe, na kama amelala tumrudie kesho. Mimi nilikuwa nimeshavimba kichwa. Nikawa nikisikia "bado" natia alama ya "anaweza" hapo hapo, maana nani angenifundisha watu wangu?

Halafu ikaja ile ziara baada ya homa. Riziki alikuwa na miaka miwili na kitu, amelala mkekani, nami nilikuwa na nyumba mbili za kufika Jego siku hiyo hiyo. Nikaanza orodha. Ukasema, "Somo, leo sikufichi. Hasemi. Tangu ile homa, hata nikimwita hageuki."

Nikakwambia, "Ai, wewe na yale yale yako."

Ukanishika mkono, ukasema, "Wallahi." Nikacheka tena. Nikatia alama zote, maji, paka, kiatu, nikafunga begi. Hukubishana nami. Ulinifungia mihogo ya kuchemsha nile njiani.

Miezi mitatu baadaye nilipiga kengele nyuma ya kichwa chake. Nikapiga tena. Mtoto akaendelea kupanga vibao vyake tu. Nilipokutazama, machozi yalikuwa yanakutoka. Hospitali wakasema homa ndiyo iliyoharibu masikio, na laiti angeletwa mapema wangemwanzishia msaada mapema. Ukajipiga kinywa kwa kiganja, ukasema, "Ni mimi. Nimemtamkia mwanangu hasemi, hasemi, mpaka ikapokelewa."

Tulikuwa tumekaa benchi moja, somo, goti kwa goti, na nikanyamaza. Niliogopea kazi yangu, na niliyaogopa macho yako.

Mwaka jana moyo ukakushinda, tukakuzika siku ya Ijumaa. Nilipika na wanawake wenzangu, nikasoma Yasini, na bado sikusema kitu. Naona haya kukuandikia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Riziki sasa yuko shule ya watoto wasiosikia. Anaongea kwa mikono upesi hata simfuati, na akinuna amekuwa wewe mtupu. Kwenye kumbukumbu za utafiti, siku ile ya baada ya homa bado anasema maji na anasema paka. Nimemwandikia msimamizi kwamba maneno yale niliyaweka mimi, wewe hukuyasema. Sijui watanifanyaje, na siku hizi silijali sana hilo.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwamkia mama yako, ndiye anayemlea Riziki sasa. Jirani alikuwepo, akauliza mtoto huyu alipatwa na nini. Mama akajibu kama anavyowajibu wote, "Kinywa cha mamake." Riziki alikuwa ameketi mbele yake, anamtazama midomo. Anajifunza kusoma midomo, na ipo siku atayajua maneno hayo na atayaamini.

Jirani alipoondoka nikamweleza mama yote: homa, kiapo chako, alama zangu. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, mikono ikasimama. Kisha akasema, "Kumbe nimemlaumu mwanangu mpaka kaburini." Nilingoja anifukuze, hakunifukuza. Akaniuliza, "Mimi umeniambia. Mwanangu je?"

Ndiyo maana nakuandikia, somo. Hukumtamkia mwanao lolote. Siku ile ulisema kweli, ukaapa kwa Mungu, nami ndiye uliyeniambia, nikacheka. Nisamehe ukiweza. Na kama huwezi, basi ulale ukijua kwamba si wewe.

Somo yako,
Mwanasiti