Kikombe cha Pili

Mjukuu wangu Devota,

Marahaba. Hapa Kasulo tu wazima, na maharage yamekubali. Umeuliza umfanyeje mtoto wa kituoni kwenu anayekataa kula.

Nilipokuwa napika uji kwenye kituo cha watoto wakimbizi, binti mmoja alikuwa akimimina nusu ya uji wake kwenye kikombe cha pili na kukiweka kando. Msimamizi akakichukua: “Uzito wake mzuri. Huyu ni mkaidi tu.” Binti akaacha kula. Hasira ile haijanitoka mpaka leo! Kila wiki walimpima unene wa mkono kuona kama amekonda, lakini hakuna aliyemuuliza kikombe ni cha nani. Nikamuuliza mimi, mpishi. Kilikuwa cha mdogo wake aliyefia njiani. Nikakirudisha mezani, naye akanywa chake.

Muulize wako, kabla hujaandika “mkaidi” kwenye faili lake.

Bibi yako