Maporomoko ya Siku Chache

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imenyesha milimani. Huku kwetu hata tone — vumbi lile lile, jua lile lile. Ila dereva wa lori la pamba kasema barabara ya juu imekatika, na kabla hajamaliza kusimulia Baba alishainama chini ya kitanda kutafuta viatu vyake vya safari. Maana yake maporomoko ya maji yanashuka jangwani. Mwaka juzi hayakushuka kabisa, mwaka jana goti lilimlaza Baba. Yakija hukaa siku chache tu, kisha unabaki mwamba mkavu.

Mchezo wetu tangu utoto: mkifika kona ya mwisho ya korongo, kimya. Wa kwanza kuyasikia maji ndiye anapaza sauti. Baba alikuwa akituacha tushinde, nami nilijiona nina masikio ya ajabu.

Nimesema twende Jumamosi. Anadhani nampeleka yeye. Mzee wa watu, kafurahi mpaka kaosha vikombe.

Jumatano, 6 Machi

Daktari wa masikio. Nimekwenda baada ya zamu, sikumuaga mtu. Kanifungia kwenye kijichumba, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa, nikakaa, nikadhani kifaa kimeharibika.

Hakijaharibika. Kasema ni mashine za kufuma, za miaka yote hii. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinafuata njia hiyo hiyo nisipotoka pale kiwandani. Akauliza, hukuona dalili?

Ningezionaje? Chumba cha kufuma hakuna anayesema kwa mdomo. Kelele zile nani atakusikia? Tunaongea kwa mikono. Vidole viwili kama mkasi: uzi umekatika. Kusugua tumbo: msimamizi anakuja. Kiganja mbele na nyuma, mbele na nyuma: mashine inakwenda, hakuna shida. Hata umbeya tunaupiga hivyo hivyo, na kwa umbeya humo ndani hakuna anayeniweza. Nikirudi nyumbani naona watu wananong'ona tu. Nilidhani wamekuwa na adabu.

Naogopa. Nimeshaandika, basi.

Nataka kuyasikia yale maji mara moja tena. Kuyaona nitaweza mwaka wowote yakishuka. Kuyasikia ndiko sina uhakika.

Alhamisi, 7 Machi

Msimamizi kanipa ruhusa kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Jioni dada yangu kaja kugomba. Baba na goti lile, jangwani, nina akili kweli? Nikasema kataka mwenyewe. Nikaenda kuinjika chai, na nilipogeuka nikamwona Baba anamwambia dada kitu karibu kabisa na uso. Dada kaacha kugomba. Kanitazama sana.

Nimemuuliza, kuna nini? Kasema hakuna kitu, nendeni tu, mchukue maji ya kutosha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefungasha mikate, maji, kofia mbili. Nimejaribu redio. Nimeongeza sauti, nimeongeza tena, mpaka jirani akaja mlangoni.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimekaa juu ya jiwe, kwenye kona ya mwisho.

Gari tuliliacha pale barabara inapoishia, tukaingia korongoni jua bado changa. Baba mbele na fimbo yake, mimi nyuma. Alikuwa akiongea njia nzima, amenipa mgongo, nami naitikia "ndiyo, Baba" kila mabega yake yakitulia. Sijui nimekubali mangapi. Labda nimeshaozwa.

Kisha kona. Tukanyamaza, kama zamani. Nikazuia pumzi. Hakuna kitu. Mvumo ule ule wa kichwani ninaotoka nao kazini, basi.

Nikajiambia hayakuja, tumechelewa. Na nilifurahi — naona aibu kuliandika — nilifurahi! Kama mwamba ni mkavu, basi masikio yangu hayana kosa. Nilikuwa tayari kumwambia turudi.

Baba akasimama. Akageuka taratibu kwa sababu ya goti. Akaegemeza fimbo kifuani, akanyanyua mkono, kiganja mbele na nyuma, mbele na nyuma: maji yanakwenda.

Naye alizeekea chumba kile kile cha kufuma. Ndiko alikokutana na Mama. Lakini tangu astaafu sijamwona akitumia mikono ile, hata mara moja. Kisha akagusa sikio lake, akaninyooshea kidole, akainua nyusi. Anauliza.

Kumbe anajua. Na dada anajua. Nilikuwa namficha nani?

Nimemwashiria asubiri, nikatoa daftari kama mwendawazimu. Hajalalamika. Ameketi kwenye jiwe la mbele, kavua kiatu, anakung'uta mchanga, ananitazama. Mkono mmoja umeshika kalamu. Wa pili uko juu ya goti, na bado haujamjibu.