Goti la Baba na Kiti cha Ndege

Montréal, 2 Februari 2003

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumaini umeamka salama, na goti lako nalo limeamka salama. Sisi ni wazima, ila baridi imetufungia ndani kama kuku. Anouar anakusalimu. Mkwe wako siku hizi analala na soksi.

Baba, nina mimba. Daktari anasema mwezi wa saba, inshallah. Ningekuambia kwa simu, lakini pale dukani kwa Mohamadi mnapopigiwa simu, Buyenzi nzima ingejua kabla yako.

Sasa ombi. Njoo umwadhinie mtoto. Wewe uliadhiniwa sikioni na babu yako, nami na babu yangu. Baba yake Anouar ametangulia, Mungu amrehemu, na Mama hayupo tena. Mkubwa aliyebaki ni wewe. Anouar anaweza kuadhini, lakini mwenyewe anakiri kwamba ana sauti ya mbuzi, na mimi sitaki mtoto aanze maisha kwa kushtuka.

Ninachoogopa ni goti. Sijasahau safari yako ya Kigoma kwenye harusi ya binamu Yasmina: ulishushwa kwenye basi na wanaume wanne, ukalala chumbani harusi nzima, ngoma ukizisikia dirishani. Na kuja huku ni ndege tatu, mbili kati yake za masaa mengi.

Nimeulizia. Ndege hizi kubwa mbele wanalala matajiri, kwenye viti vinavyogeuka vitanda. Nyuma tunakaa sisi wengine, magoti yamegusa mgongo wa mtu. Siku hizi wengine wameweka sehemu ya kati. Si kitanda, lakini kiti ni kipana kidogo na mguu unanyooka. Bei inakaribia mara mbili ya nyuma. Mimi na Anouar tumekubaliana kulipa. Usikatae kabla hujafikiri.

Mwanao,
Hayat

*

Buyenzi, Bujumbura, 23 Februari 2003

Mwanangu Hayat,

Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Mimi mzima, goti linakusalimu. Mvua ni nyingi, mji umetulia kwa kiasi chake.

Barua yako niliisoma mara tatu. Ya kwanza nilifurahi, ya pili nilifurahi, ya tatu nikafika kwenye bei. Mungu akulinde, mama, wewe na huyo mgeni wetu. Nitakuja kumwadhinia. Hilo halina mjadala.

Lakini la kiti ngoja nikueleze. Ndege ni chombo kimoja. Pua ikifika Montréal, mkia nao umefika. Hakuna abiria wa nyuma anayebaki baharini. Sasa hiyo bei ya pili mtu ananunua nini? Hawezi kununua kufika, maana kufika kumeshalipiwa kwenye bei ya kwanza. Ananunua namna ya kungojea tu.

Usidhani hapa kwetu hatujui viti vya bei. Mabasi ya kupanda Kayanza yanakwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na kiti kinachogombewa ni cha katikati, mbali na dirisha na risasi za njiani. Hakuna anayeuliza mguu wake utakaa wapi. Mtu anafika amebanwa, hawezi kusimama, na anasema alhamdulillah nimebanwa.

Hata hivyo mwalimu hakatai jambo asilolipima. Wewe umeandika "kipana kidogo", na hicho si kipimo. Niandikie sentimita.

Baba yako,
Mwalimu Shakuru

*

Montréal, 21 Machi 2003

Baba,

Salamu nyingi, na pole na mvua. Tumbo limeanza kuonekana, kichefuchefu kimekwisha, nakula kama askari.

Nimepiga simu pale wanapouza tiketi, nikauliza sentimita. Yule mama akaniuliza kama baba yangu ni injinia. Nikamwambia ni zaidi ya hapo, ni mwalimu wa jiografia. Akacheka, akaenda kutafuta.

Kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti cha mbele: nyuma ni sentimita sabini na tisa. Sehemu ya kati ni tisini na saba, na kuna kipande cha kuwekea mguu. Anouar alipima sebuleni kwa rula akasema tofauti ni ndogo, haifiki hata urefu wa mkono wake hadi kiwiko. Lakini yeye ana magoti mawili mazima.

Mtoto ameanza kupiga teke. Naye anadai nafasi ya miguu.

Nijibu upesi, Baba. Tiketi za mwezi wa saba zinakwisha.

Mwanao,
Hayat

*

Buyenzi, 27 Aprili 2003

Mwanangu Hayat,

Natumaini mtakuwa mmeona jua sasa. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa safarini, ndani ya garaje ya Atumani.

Nikueleze. Atumani unamkumbuka, yule fundi wa viti vya magari. Nilimpelekea sentimita zako. Akatoa viti vya Hiace moja iliyokufa, akavifunga kwenye mbao, safu mbele na safu nyuma, tukapima kwa futi ya fundi nguo: sabini na tisa kamili. Jumamosi baada ya sala ya asubuhi nikaketi. Sharti lilikuwa moja, nisiinuke mpaka alasiri, ila kwa haja, na nikiinuka nipite juu ya majirani.

Nikamwuliza Atumani kama kweli ndani ya ndege watu wanakanyagana. Akasema, "Mwalimu, we kaa tu. Mutu akikukanyaga, sema pardon. Ndege ni hivyo." Hajawahi kupanda ndege, lakini alilisema kama rubani.

Pembeni yangu aliketi Dorothée, yule mama wa Uvira anayeuza mandazi mlangoni pa garaje. Upande wa pili akaketi mzee mmoja muuza vitenge, ambaye alikuja kuchukua kiti cha gari yake, akapenda mazungumzo, akabaki. Dorothée tukampa pia kazi ya kuhudumia abiria. Akatuletea chai, akasema tufunge mikanda. Mikanda hakuna, akanifunga na kipande cha kitenge. Watu wakajaa mlangoni. Mmoja akauliza ndege hii inakwenda wapi, Atumani akamjibu bila kuinua kichwa: "Canada. Imejaa."

Karibu na adhuhuri mizinga ikalia upande wa milimani, huko juu ya Gihosha. Ndipo Dorothée akasimama na birika lake akatangaza, "Tunapita kwenye mawingu mabaya. Abiria asisimame mutu." Hayat, tulicheka mpaka mzee wa vitenge akamwaga chai.

Sasa matokeo. Damu ina tabia ya maji, inashuka inaposhuka na kutuama inapozuiwa. Goti lililokunjwa ni kama mfereji uliozibwa. Kufikia adhuhuri goti langu lilikuwa gogo. Kufikia alasiri nilijaribu kusimama, likakataa. Nikatolewa na wanaume wanne, kama Kigoma. Atumani alikuwa amenishika kwapani, akasema, "Mwalimu, ukifika hivi kule, mutoto atafikiri umekuja kuzikwa."

Jumamosi iliyofuata tukasogeza mbao hadi tisini na saba. Nikanyoosha mguu kwenye kigoda. Alasiri niliinuka mwenyewe, nikatembea hadi msikitini, nikarukuu vizuri. Watu wa garaje wakanipigia makofi kama harusi.

Lakini mwalimu asifiche sehemu ya matokeo. Siku ya kiti chembamba ilikuwa tamu zaidi. Mbanano ulitufanya tuzungumze. Katika kiti kipana nilikaa kama balozi, watu wakinisalimu kwa mbali, na saa hazikwenda.

Hata hivyo siji huko kuzungumza na jirani wa kiti. Naja kusimama na kumshika mtoto. Umenishinda. Lipa.

Baba yako,
Shakuru

*

Montréal, 25 Mei 2003

Baba,

Barua yako tuliisoma kwa sauti, Anouar akawa Dorothée. Nimecheka mpaka nikaogopa nitajifungulia hapo hapo.

Tiketi tayari. Unatoka Bujumbura tarehe 9 Julai, na mtoto anatazamiwa baada ya hapo, kwa hiyo utakuwepo akifika. Viti vyako vya ndege mbili kubwa ni vya kati, pembezoni mwa njia, upande ambao goti lako linaweza kutoka nje. Anouar atakungoja uwanjani, na nimemkataza kuleta kiti cha magurudumu.

Sasa naanza kulala vizuri.

Mwanao,
Hayat

*

Buyenzi, 20 Julai 2003

Mwanangu Hayat, mama wa mtoto,

Mungu akupe nguvu na akupe maziwa. Barua hii itakukuta umeshanisikia kwenye simu, lakini simu ile haikunipa nafasi ya kueleza.

Jumatatu ile, siku mbili kabla ya safari, vita viliingia mitaa ya kusini ya mji. Mchana akagonga mlango Aloys, niliyemfundisha zamani, ametembea kutoka Kinanira na mkewe na watoto, godoro kichwani. Nyuma yake walikuwa majirani zake. Sanduku langu lilikuwa limesimama tayari karibu na mlango. Mtoto wake mdogo alilala juu yake, na sikuwa na moyo wa kumwondoa.

Wewe umezaliwa katika nyumba hii, unajua. Mwenye nyumba haondoki wakati wageni hawana pa kwenda. Aloys aliponiuliza sanduku ni la nini, nikamwambia ni nguo za kupeleka kwa dobi. Jumatano nikasikia ndege inapita juu ya paa. Nikajua kiti changu kimo mle, kitupu, sentimita tisini na saba.

Kisha Jumamosi akaja mbio kijana wa Mohamadi, kwamba mkwe wangu yuko kwenye simu na mtoto amezaliwa kabla ya siku zake. Anouar akasema ameuweka mkono wa simu sikioni mwa mtoto, sikio la kulia, nianze. Adhana ya mtoto inanong'onwa, mwanangu. Lakini laini ilikuwa mbaya, kila nikinong'ona Anouar anasema hasikii. Nikapandisha sauti kidogo kidogo, mwisho nikawa naadhini kama niko juu ya mnara. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilipotoka dukani nikakuta mzee wa vitenge kwenye bomba anatawadha kwa adhuhuri, anauliza Mohamadi kama saa yake imekufa.

Aloys alikuwa amenifuata kwa sababu barabarani si salama kutembea peke yako. Alisikia yote.

Viti vya Atumani tumevileta nyumbani. Kwenye ile nafasi pana wanalala watoto wawili wa Aloys, kichwa na miguu. Kwa hiyo mlicholipia kimepata kazi hata kabla ya kuruka.

Kazi uliyoniitia imefanyika. Ombeni mrudishiwe chochote kwenye tiketi, mnunue nguo za mtoto. Nitaridhika na picha.

Baba yako,
Shakuru

*

Montréal, 7 Agosti 2003

Baba,

Salamu kwako, na kwa Aloys na wote waliomo nyumbani. Tunasikiliza redio kila siku. Alhamdulillah kwamba mko hai.

Nilikukasirikia siku mbili. Ya tatu nikakumbuka tulivyokuwa tukilala sebuleni kila mgeni alipokuja, na Mama akisema sebule ndicho chumba chetu halisi. Basi hasira ikakosa pa kukaa.

Mtoto ni msichana, anaitwa Asiya, jina la Mama. Sikukuambia kwenye simu kwa sababu nilijua ungelia mbele ya Mohamadi.

Adhana ameisikia, hata wauguzi wameisikia. Lakini simu haina mapaja, Baba. Na tena siku ya saba ilipita hatukumnyoa. Kwetu wembe wa kwanza anaushika babu, na wewe umenifundisha hivyo mwenyewe. Sasa nywele zimemfika masikioni, majirani wanadhani ni mtindo. Sitaguswa moyo na hotuba yoyote. Nywele hizi zinakungoja.

Tiketi sikuirudisha. Tumeisogeza hadi tarehe 18 Septemba, kiti kile kile. Ukiona huwezi, usiniandikie. Waandikie Asiya na nywele zake.

Mwanao,
Hayat

*

Angani, 19 Septemba 2003

Mwanangu Hayat,

Barua hii nitakupa mkononi. Naiandika kwa sababu nikishamwona Asiya sitakuwa na habari ya kiti tena, nawe umelipa, una haki ya kupata ripoti.

Kwanza uondokaji wangu. Ulipofika waraka wako niliusoma, nikaukunja, nikaukunjua tena. Aloys akauona uso wangu, akaniomba ufunguo. Nikamwuliza wa nini. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwepo dukani ukiadhini. Leta ufunguo. Sisi ndio wenyeji sasa, na wewe ndiye mgeni, na mgeni huwa anaondoka." Nimefundisha watoto wengi, Hayat, lakini huyu alinikalisha chini.

Dorothée ameniletea ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani kwetu, wa kukukatia hamu. Wamo kwenye sanduku, na ukisikia harufu usimshtaki mtoto. Atumani alinisindikiza, akanipa futi. Nimepima. Ni tisini na sita na nusu. Nusu sentimita imepotea, lakini msiwadai, nadhani ni mto wa kiti. Binti anayehudumia akaniuliza natafuta nini chini. Nikamwambia nimepoteza nusu sentimita, akaniletea juisi.

Sasa hukumu. Je, kiti hiki kinastahili bei yake? Kwa kijana mwenye magoti mawili mazima, hapana. Alipe nyuma, abanwe, azungumze na watu. Kwa anayekwenda kulala kitandani siku tatu baada ya kufika, naye hapana. Lakini kwa mtu anayengojwa, na ambaye akifika ana kazi ya kufanya kwa mikono yake, ndiyo. Nilisema zamani kwamba bei ya pili inanunua kungojea tu. Nilikosea hesabu. Inanunua dakika ya kwanza baada ya mlango kufunguliwa.

Nimetembea mara kwa mara hadi nyuma ya ndege na kurudi. Goti linakunjika. Nyuma wamelala wamebanana, mtoto wa mtu ameegemea bega la asiye mzazi wake, nikawaonea wivu kidogo. Pembeni yangu kuna bwana aliyevaa vitu masikioni tangu tuliporuka. Hajui hata kwamba nakwenda kunyoa nywele.

Wanasema tunaanza kushuka. Mwambie Anouar aje mikono mitupu, sihitaji kushikwa.

Jambo moja limebaki. Najua mnataka nibaki, na najua mtalisema taratibu, mkingoja niwe nimemzoea. Nitakaa mpaka baridi inichoke, halafu nitarudi, maana Aloys ana ufunguo wangu na mimi nina nyumba yenye watu. Siku hiyo mkinunua tiketi ya kurudi, nunueni ya nyuma kabisa, ile ya sabini na tisa. Nitakuwa nimemwacha Asiya na nimekuacha wewe. Nitahitaji goti linaloniuma sana, nipate la kulalamikia.

Baba yako, na sasa babu yake Asiya,
Shakuru