Picha Kumi na Moja za Baba

Chumba cha cherehani,
nyuma ya duka la viatu,
S.L.P. 418.
9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Pokea salamu zangu, mimi dada yako. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuachia? Nakuita Kifungo kama zamani, maana hapa hakuna aliyesahau ulichomeza. Sisi tu wazima wa mwili. Shangazi miguu inamsumbua, lakini mdomo wake haujambo, anatusema sote kuanzia asubuhi.

Leo ni wiki ya tano tangu tumzike baba. Kwenye cherehani yake bado kuna suruali ya mwalimu, mguu mmoja umeshonwa, mwingine bado. Mwalimu alikuja kuichukua, akaiona, akaondoka bila kuiulizia. Nami sijathubutu kuigusa.

Barua yako nimeipata. Unasema hukuja kumzika kwa sababu ile picha niliyokutumia ilikwambia kila kitu, na baba aliyekutazama vile asingetaka hata udongo wa mkono wako. Unaniuliza kama alikufa na kinyongo nawe. Ningeweza kupiga simu, lakini ningelia tu na usingeelewa neno. Kaa chini usome, nina jambo la kukiri.

Unakumbuka ulitutumia kamera ndogo pamoja na shati la mistari ya buluu. Shati baba hakulitazama mara mbili. Alisema atalikata matambara ya kufutia mafuta ya cherehani. Eti mtu aliyeondoka bila kuaga, akaacha cherehani aliyonunuliwa ikijaa vumbi, hana haki ya kumvisha babake. Unamjua, akishasema amesema.

Kamera niliipeleka studio, mpiga picha anifundishe. Nilimwambia nina watoto wasiotulia, akaniwekea picha za mfululizo, ambapo ukibana kitufe inapiga moja baada ya moja bila kupumzika. Akasema, "Bonyeza tu dada, usiachie. Nzuri utakuja kuichagua." La kutoachia nikalishika. La kuchagua likaingia sikio hili likatokea lile.

Baba alikubali kupigwa nilipomwambia picha ni ya kwako. Akasema, "Haya, lakini upesi, nina kazi za watu." Akaingia chumbani kwake, akakaa humo muda mrefu, akatoka na lile koti zito, amelifunga hadi kooni na jua lote lile. Akaketi mbele ya cherehani, akanitolea macho kama polisi. Nikabonyeza. Kamera ikaanza kutatarika, nikadhani imeharibika, nikazidi kubana.

Studio waliniuliza nataka kusafishiwa zipi. Nilitazama mbili tatu kwenye kile kioo kidogo, zote baba, zote koti. Nikasema ya kwanza inatosha, nyingine ni zile zile. Hiyo ndiyo niliyokutumia. Miezi miwili baadaye moyo wake ukasimama. Kosa ni langu, mdogo wangu, na haraka zangu.

Juzi shangazi alitaka picha ya kuweka ukutani. Nikarudi studio, mpiga picha akazifungua kwenye kompyuta, kubwa, moja moja. Ya kwanza hadi ya tatu ni yule baba uliyemwona. Ya nne anashusha pumzi, ameshadhani nimemaliza. Ya tano anafungua kifungo cha juu, joto limemshinda. Ya saba koti limeachia, na ndani yake ni mistari ya buluu. Ya tisa anainama kulitazama shati, analinyoosha kifuani kwa kiganja, na anatabasamu peke yake. Nililia pale mpaka mpiga picha akaacha kazi akaniletea kiti.

Nilirudi nyumbani nikalitafuta. Liko sandukuni mwake, limekunjwa vizuri, mabega ameyapunguza kwa mkono wake yamkae sawa. Alilivaa kwa ajili yako, halafu jeuri ikamrudia akalifunika.

Sikuandikii ili ujilaumu. Hata yeye angeweza kufungua mdomo badala ya koti. Nyinyi wawili mlilingana kwa ugumu, na mimi katikati nikawa mjumbe mbaya. Naomba unisamehe.

Nimezisafisha zote kumi na moja na kuziandika namba nyuma. Zishike upande mmoja, uziachie haraka kwa kidole gumba, kama tulivyofanya na vile vikatuni vya pembeni mwa madaftari. Utamwona anafungua koti. Ya mwisho ni kiganja chake tu, anakuja kuninyang'anya kamera.

Shangazi anakusalimu, anasema ule ushibe. Muuza viatu anakupa pole, na mpiga picha pia. Mungu akutunze huko uliko, akurudishe tungali hai.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Dada

Nimesahau jambo moja. Usizipekue kutoka mwisho kurudi mwanzo. Nilijaribu jana. Baba anaacha kutabasamu, anafunga koti kifungo kwa kifungo, anakunja uso. Anzia ya kwanza, kila mara.