Wote Walichechemea Nyuma Yangu

Jumatatu, shule zimefunguliwa. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye meno, na ile baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba inayojua mwili wako ulipo mbovu. Hali ya moyo wangu, usiniulize.

Naandika nimesimama. Kompyuta ya binamu yangu Shabani iko juu ya kaunta ya duka lake, pembeni ya mashine ya kutolea kopi, na wateja wananitazama kama mtu aliyekuja kununua kitu akakisahau. Shabani alinipa kiti. Nikamwambia asante, kikalie mwenyewe. Nikikaa muda mrefu kiuno kinashika, halafu moto unashuka mguu wa kushoto mpaka kisiginoni, na kuninyanyua hapo inakuwa kazi ya watu wawili.

Basi niseme la leo kabla sijaghairi.

Leo nilikuwa narudi mbele.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwalimu wa michezo, shule ya msingi ya serikali hapa hapa Chang'ombe. Wenzangu wanafundisha hesabu, mimi nafundisha kukimbia. Kila asubuhi kabla ya vipindi watoto wetu wanakimbia mchakamchaka kuzunguka mtaa huku wanaimba, na anayetangulia na kuongoza wimbo ni mimi. Nimeifanya kazi hiyo tangu niko msichana. Kuna wanaume hapa mtaani leo wana ndevu, niliwakimbiza mimi. Kupika sijui sana, kushona ndiyo kabisa, mama yangu alishanikatia tamaa zamani. Lakini nikitangulia mimi, nyuma habaki mtoto mwenye usingizi.

Halafu kiuno kikaja. Sikuanguka, sikubeba mzigo, hakuna aliyenipiga. Kilianza kidogo kidogo nikakidharau, kikakaa moja kwa moja kama mgeni aliyekuja na sanduku.

Muhula uliopita Mwalimu Mkuu alinikuta nimeegemea ukuta wa ofisi baada ya mchakamchaka, jasho linanitoka na baridi yote ile. Akasema nipumzike, Ndahani atatangulia kwa muda. Ndahani ni kijana wa Haneti, ametoka chuo cha ualimu juzi tu, ana pumzi ya punda na adabu zake zote. Ananiamkia shikamoo kila asubuhi hata kama nimemnunia. Hajanifanyia ubaya wowote. Nilimchukia hivyo hivyo.

Nikaomba nipewe muda mpaka shule zifunguliwe. Mkuu akakubali, lakini akanieleza wazi: "Mwalimu Mwanaidi, ukirudi ukashindwa, tutamwachia Ndahani moja kwa moja. Watoto hawawezi kubadilishiwa kiongozi kila mara." Ni haki. Ningekuwa mimi ningesema vile vile.

Nimejiandaa, wallahi nimejiandaa. Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali alinifundisha: lala chali mkekani, kunja magoti, nyanyua kiuno, hesabu taratibu, shusha. Bana tumbo. Tembea, usikimbie. Pumzika kabla hujachoka, siyo baada. Nikawa natembea jioni mpaka kwenye reli na kurudi. Fagio la chelewa nimelifunga kwenye mti mrefu ili nifagie bila kuinama, majirani wakacheka wee mpaka wakachoka. Jiko la mkaa nimelipandisha juu ya matofali.

Na swala. Hili nilikuwa sijaliandika hapa bloguni. Naswali kwenye kiti. Mara ya kwanza kusujudu kwa kuinamisha kichwa tu, paji la uso halijagusa chini, nililia mpaka nikasahau niko rakaa ya ngapi.

Vidonge pia. Siku hizi duka la dawa liko kila kona, hakuna anayekuuliza cheti, hela yako tu. Nilivimeza mpaka tumbo nalo likaanza kulalamika. Yule dada wa viungo alinifokea, nikavipunguza. Mume wangu alikuwa ananiuliza kila jioni naendeleaje. Siku hizi haulizi, na simlaumu, maana jibu ni lile lile.

Lakini siku za mwisho za likizo niliona nafuu. Sikumwambia mtu. Jua linachomoza mimi niko uwanjani peke yangu, nakimbia kidogo kidogo, na moto haukushuka. Nikasema alhamdulillahi, nimekishinda.

Mjinga mimi.

Sasa ili mnielewe, lazima mjue mchakamchaka wa shule yetu unavyokwenda. Anayetangulia ndiye anayeweka mwendo. Akinyanyua magoti juu, wote magoti juu. Akienda kiubavu, wote kiubavu. Akipiga makofi, makofi yanasikika mpaka sokoni. Hakuna kuuliza kwa nini. Niliwazoesha mwenyewe: macho kwa aliye mbele yako, miguu kama yake. Ndiyo raha yake, na ndiyo inayowaamsha.

Asubuhi tukatoka getini. Suruali ya michezo ndani, gauni juu, ushungi nimeubana, raba zangu za mtumba nimezifua mpaka zinang'aa. Nikaanzisha: "Nani bado kalala?" Wakanijibu kwa sauti ya watoto waliochoshwa na likizo: "Siyo sisi!" Jamani! Niliusikia mwili mzima umekuwa wangu tena. Tulipopita madukani, mama wa vitumbua akanipungia, "Mwalimu umerudi!" Nami nikampungia kwa mikono yote miwili kama mgombea ubunge.

Kilinishika kwenye kona ya mashine ya kusaga.

Siwezi kuyaeleza yale maumivu vizuri. Mguu wa kushoto ulikataa tu kunibeba. Nikashika kiuno kwa mkono, nikaanza kuchechemea. Sikusimama. Kusimama mbele ya shule nzima ilikuwa ni kumkabidhi Ndahani kila kitu pale pale barabarani, naye yuko nyuma anawachunga wa darasa la kwanza. Nikajiambia nijikaze mpaka shuleni. Nikaendelea kuimba, sauti inakatika. Nasema "Nani", navuta hewa kwa meno, "sss", ndipo namalizia "bado kalala".

Wakajibu. Na wao wakavuta "sss".

Nikageuka.

Shule nzima inachechemea. Kuanzia wakubwa wa darasa la saba mpaka vile vidogo vya mwisho, kila mmoja kashika kiuno kwa mkono wa kushoto, mguu wa kushoto anauburuta, uso kaukunja, na wimbo wanauimba kwa furaha, vumbi limetanda. Walidhani ni mwendo mpya. Walidhani nimekaa likizo nzima nawatungia.

Watu wa mashine wakatoka nje na unga wao kwenye nyusi, wakapiga makofi. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikilia ukuta. Mimi nisingekuwa mimi ningecheka pia, maana ilichekesha, nasema kweli. Nikajaribu kunyoosha mguu, nusura nianguke. Nikichechemea nao wanazidisha, na wale wa mbele walishaanza kushindana nani anakunja uso vizuri. Machozi yakanitoka. Bora vumbi lilikuwepo, kila mtu alikuwa anafuta macho.

Tuliingia getini hivyo hivyo, shule nzima ya viwete wenye afya.

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama kwenye mlingoti wa bendera, meno yote nje. Akanipa mkono. "Hongera, Mwalimu! Umerudi na mtindo! Afisa Elimu akija kututembelea utamwonyesha huo huo."

Nikasema, "Sawa, Mwalimu."

Basi. Hilo ndilo lililonitoka mdomoni. Mnaona lakini? Nafasi yangu nimerudishiwa. Nilichokuwa nakiomba usiku na mchana nimepewa, na nimepewa kwa sababu hakuna aliyejua anachokitazama.

Ndahani peke yake hakucheka. Aliniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akaniambia chini chini, "Pole, dada." Siyo mwalimu, dada. Nikamjibu kwa ukali, pole ya nini? Akaenda zake darasani.

Vipindi vya asubuhi nilivimalizia kwenye stoo ya vifaa, nimelala chali juu ya mkeka wa kurukia, mipira imenizunguka. Na hapo likanijia wazo ambalo naona aibu kuliandika. Kwani kuna ubaya gani? Kama wote wanachechemea, nani atajua kuwa mimi naumwa? Nameza vidonge viwili kabla ya kutoka, naumwa kwa kuimba, watu wanapiga makofi. Naweza kukaa mbele miaka mingi kwa mtindo huo. Nililipenda lile wazo. Nimeondoka nalo shuleni, nimefika nalo nyumbani.

Nyumbani nikamkuta binti yangu Zuhura uani. Yuko darasa la pili, shule hiyo hiyo yangu. Alikuwa na wenzake wawili wa jirani, amewapanga mstari.

"Shikamoo mama! Tazama, nimeupatia!"

Na kweli alikuwa ameupatia. Siyo mguu tu. Mkono ule ule, mahali pale pale kwenye kiuno. Ile "sss" na namna ninavyoshusha bega. Na jicho la kushoto analifinya. Mimi sikujua kuwa huwa nalifinya. Akawa anawaelekeza wenzake, hapa unabana pumzi, hapa unaachia, siyo hivyo Mwajuma, wewe unachechemea kama kuku.

Nilitaka kumchapa. Mtoto hana kosa na nilitaka kumchapa.

Nikamwita, nikamwambia, "Zuhura, ule siyo mwendo. Mama anaumwa."

Akanitazama. "Pale barabarani ulikuwa unaumwa?"

"Ndiyo."

"Na sasa hivi?"

"Na sasa hivi."

Bado alikuwa kashika kiuno. Akafikiri kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake msaada, "Basi acha, mama."

Akaachia kiuno, akanyooka, akawakimbilia wenzake kuwaambia mchezo umekwisha. Miguu yote miwili mizima, kandambili zinampiga visiginoni.

Nilimwonea wivu mwanangu mwenyewe. Alivyoacha. Kwamba mtu anaweza kunyooka tu akaacha.

Sina la kumdanganya mtu hapa. Yule dada wa viungo alishaniambia tangu mwanzo kuwa mazoezi ni ya kuishi na kiuno hiki, siyo ya kukiponya, mimi ndiye niliyeyasikia ninavyotaka. Nitaendelea kulala chali na kunyanyua kiuno kwa sababu nikiacha siku mbili hata soksi sivai. Lakini nilikuwa nayafanya ili nirudi mbele. Sasa nayafanya ili nivae soksi. Nani anaamka alfajiri kwa moyo mkunjufu kwa ajili ya soksi?

Mbele sirudi. Siwezi kuwafundisha watoto wa watu, na wa kwangu akiwemo, kuyacheza maumivu yangu.

Kabla sijaanza kuandika nimempigia Ndahani. Nimemwambia kesho atangulie yeye, na Mkuu nitamweleza mwenyewe asubuhi. Nilitegemea afurahi walau kidogo ili nipate pa kumchukia. Hakufurahi. Akaniuliza mimi nitakuwa wapi. Nikamwambia nyuma ya mstari huwa kuna watoto wenye pumu na wenye vidonda vya miguu, hawakimbii, wanatembea tu, na hakuna mwalimu anayetembea nao. Nitakuwa nao hao.

"Mpaka lini, dada?"

Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii. Nikakata simu.

Nilimsikia vizuri kabisa.